Mbili ya Tano Ubaoni kwa Mwalimu Silvano

Jumamosi, saa nne asubuhi. Upepo wa Julai umetuamkia vibaya hapa Sumbawanga, vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi ya hii intaneti kafe. Nimevaa masweta mawili, lakini moyoni nachemka.

Wewe blogu yangu husomwi na mtu zaidi ya mdogo wangu aliyeko Mbeya, kwa hiyo nitasema.

Nina barua kwenye mkoba. Ni ya kwenda kwa mratibu elimu kata, na ikifika, Mwalimu Silvano hatabaki shuleni kwetu.

Silvano ni kijana aliyeletwa mwaka huu, mmoja wa hawa waliosomea ualimu haraka haraka shule zilipojaa watoto kuliko walimu. Kwao Kirando. Anafundisha hisabati darasa la sita. Mimi ndiye mwalimu wa taaluma, miaka kumi na minane chaki mkononi. Mitihani yote ya ndani inakaa kwenye kabati langu, na ufunguo nauvaa shingoni pamoja na rozari. Sasa nielezwe: imekuwaje mtihani wa Juni darasa lake wakafaulu karibu wote, hata wale wa wafugaji wanaokuja shule siku tatu kwa wiki?

Halafu hafundishi twisheni. Tangu soko huria liingie kila kitu ni biashara, na walimu wote tuna twisheni zetu za jioni, mimi nikiwemo. Yeye anabaki na watoto bure, anasema hana haja. Mtu asiye na haja ananitia wasiwasi.

Nakiri, nimesimama nje ya dirisha lake zaidi ya mara moja, nikijifanya nakagua maua.

Jumatano nikapata nilichokuwa nakitafuta. Aliandika ubaoni nusu jumlisha theluthi, akaweka jibu: mbili ya tano. Mwalimu mzima! Amejumlisha namba za juu kwa za juu, za chini kwa za chini, kosa la mtoto kabisa. Akasimama Kabula, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, ambaye hata shikamoo yake huwa huisikii vizuri.

"Mwalimu, umekosea. Nusu peke yake inazidi hiyo. Ukiongeza ng'ombe zizini, hawapungui."

Darasa likacheka. Silvano naye akacheka, akampa chaki aje asahihishe.

Mimi sikucheka. Yote yalikuwa yameshajipanga kichwani: hajui hesabu za sehemu, watoto wake wanafaulu, basi anawavujishia mtihani. Na juu ya hayo anawazoesha kumwambia mtu mzima amekosea. Nilipokua mimi, kule Kate, ungesema hivyo ungekula kofi kwanza, maelezo baadaye. Barua niliiandika siku hiyo hiyo.

Alhamisi nikamwuliza kuhusu ile hesabu, kwa upole wa paka.

"Niliandika vile makusudi, madam," akasema. "Ningeweka jibu sahihi wangenakili tu."

Makusudi! Kila anayeshikwa huwa na makusudi yake.

Nikasema huyu nitamuumbua kwa dawa yake mwenyewe. Jana nikaingia darasani kwangu, la saba, watoto watakaofanya mtihani wa taifa Septemba. Nikaandika: robo tatu toa nusu, jibu mbili ya mbili. Yaani moja nzima. Kitu umekipunguza, kimezidi! Wanangu hawa nawajua, nilitegemea mikono ipae juu, nimwonyeshe kwamba watoto waliofundishwa hawanakili tu.

Nikasikia kalamu zikiandika.

Nikauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Nikapita kati ya madawati. Wote wamenakili, tena kwa mwandiko mzuri, kama nilivyowafundisha. Leonsia, wa kwanza darasani tangu wakiwa la nne, alikuwa anapigia jibu mstari kwa rula.

Kengele ilipogongwa nikambakiza. Nilitaka kusikia kwamba hakuelewa. Hilo ningeweza kulirekebisha.

"Leonsia, hukuona kwamba jibu si lenyewe?"

"Niliona, mwalimu."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Akatazama viatu vyake. "Si umeandika wewe."

Nimeona aibu. Nasema wazi, aibu ya kutaka kujifunika khanga usoni. Chakula cha mchana sikukigusa, na wenzangu ofisini walidhani naumwa.

Barua sijaichana. Silvano bado simwamini, siwezi kujidanganya, maana mashaka ya miezi hayaishi kwa siku moja. Lakini nimejaribu kufikiria angelifikiaje kabati langu, na sijaipata hiyo njia. Jumatatu nitamwomba nikae dawati la nyuma darasani kwake, mbele ya watoto, nione anachofanya tangu kipindi kinaanza hadi kinaisha. Kumwomba ruhusa kijana yule! Ulimi unakuwa mzito hata kabla sijafika.

Dakika zangu za kompyuta zinaisha, na mwenye kafe ameshaanza kuniangalia.

Kosa la jana nililiandika makusudi. Yale ambayo sikuyaandika makusudi, miaka yote hii, watoto wangu wameyaona mangapi wakanyamaza?