Nyasi Nilizowatandikia Vyura

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na ile migomba iliyolala kwa upepo, umepata mtu wa kuiwekea miti ya kuegemea? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, nawe unajua kwa nini.

Barua yako kuhusu kifo cha baba, Tata wetu, ilifika wiki tano baada ya maziko. Wiki tano nzima nilikuwa nakula na kupiga mluzi huku Ujerumani, kumbe Tata amelala chini ya udongo kibanjani, kati ya migomba yetu. Naona aibu mpaka leo.

Daktari mzee aliyenitoa Bukoba nije kumtunzia nyumba anafuga vyura. Usicheke, Mama. Hawazidi kidole gumba, wa bluu na wa njano, na wanaishi katika masanduku ya vioo. Kwao, misitu ya Amerika ya Kusini, watu hupaka sumu yao kwenye mishale. Huku sumu imewaishia, maana hawapati wadudu wa kwao. Nawalisha vile vinzi vidogo vinavyozunguka lubisi, pombe yetu ya ndizi, na ili nivipate, naozesha ndizi makusudi. Ndizi nzima! Mwanzoni mkono ulikataa.

Dume mmoja nilimpenda kuliko wote. Mayai yakianguliwa, baba ndiye huwabeba viluwiluwi mgongoni hadi majini. Kila nikimwona nilimkumbuka Tata alivyonibeba hadi zahanati siku ile ya homa, na mguu wake mwenyewe umevimba.

Barua ilipofika sikumwambia mtu. Lakini msiba bila nyasi za kukalia sakafuni ni msiba gani? Chumba changu kina zulia la Daktari, nikaogopa kulichafua. Basi nikaenda bustani ya mji, nikakata nyasi mbichi kwa kisu cha jikoni, nikawatandikia vyura, maana hapa hao ndio watu wangu. Nikapiga magoti mbele ya kioo nikasali rozari kwa Kihaya.

Asubuhi niliwakuta sita wamekufa, na yule baba pia, wanawe bado wamemganda mgongoni. Kumbe nyasi za bustani hupuliziwa dawa ya kuua magugu. Kwetu nani angewaza kwamba nyasi zinaua?

Daktari akaja, akatazama.

“Nani ameweka nyasi?”

“Mimi. Tata amefariki.”

“Lini?”

“Barua imefika jana.”

Nilijua ananifukuza. Lakini yeye alikaa Bukoba miaka mingi, na amekalia nyasi za misiba mingi. Alivua viatu, akaketi sakafuni. “Kaa, waitu,” akaniambia kama mtu wa kwetu. Tukakaa hadi mchana. Yeye aliwalilia vyura wake, mimi nikamlilia Tata.

Unasema viongozi wanazungumzia watu kuhamia kijiji cha ujamaa. Ikiwa mtahama, tafadhali asikosekane mtu wa kupalilia kaburi.

Nisalimie dada wa Nshambya na wanawe, na baba mdogo katekista wa Muleba, mwambie sala zake nazihitaji.

Jambo moja linaninyima raha. Tangu nilipoweza kushika mundu, kukata nyasi za kutandika nyumbani kwetu ilikuwa kazi yangu. Tata hakumpa mtu mwingine. Niandikie, Mama. Siku ile ya maziko ya Tata, ni nani alizikata?

Mwanao akuombeaye uzima,
Deo