Kiwiko Kilichobaki Pichani

Madibira, Usangu,
18 Agosti 1974.

Mpendwa shemeji Seni,

Nyumba nzima inakusalimu, hata wale waliokwisha kulala mchana huu baada ya ugali. Hali yako huko ng'ambo, Sofia? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa theluji kimepona? Sisi hatujambo. Mpunga tumevuna, na ng'ombe wa Mama wananenepa kuliko mimi.

Kwanza kabisa, ahsante. Miwani ilifika salama, na kipimo kile cha daktari wa misheni kilikuwa sawasawa. Mama anaona, shemeji. Siku ya kwanza alipoivaa alinitazama kwa muda, kisha akamgeukia dada yako Roza akamwuliza, "Kumbe ndiye huyu?" Tangu hapo nanyoa ndevu kila Jumapili.

Barua yako ndiyo ilitutia wasiwasi. Umeandika kwamba mtu wa Mwanza amekuambia Mama amepofuka kabisa nasi tunakuficha, na kwamba usipoona picha yake upesi, unaacha udaktari unarudi. Mama alisomewa akasema, "Akirudi na nusu ya masomo, atamtibu nusu ya mtu." Akaagiza twende kupiga picha.

Tukapanda lori hadi Iringa, kwa Philbert, mpiga picha wa karibu na soko. Mama aliketi katikati na miwani yake. Roza alisimama kushoto na kaniki yake mpya nyeusi, mimi kulia na koti la kuazima.

Picha ilitoka nzuri, ila kitambaa cheusi cha kamera kilikuwa kimeteleza mbele ya kioo, kikaacha weusi mtupu pande zote mbili. Tena picha ilikuwa pana, haiingii katika bahasha ya ndege. Tukiituma kwa meli, wewe utafika hapa kabla yake. Tukijaribu kuikunja, mkunjo unapita juu ya miwani ya Mama. Na picha ya mama mzee yenye weusi pembeni kama ya msiba, ikitoka nyumbani, hata mimi ningelia kabla ya kusoma barua.

Philbert akachukua mkasi. "Nakata weusi tu, hamtapungukiwa kitu."

Upande wa kulia ukaenda vizuri. Alipogeukia kushoto, Mama akainama mezani. "Mwanangu, hapo unamkata Roza."

"Hapana mama, huu ni weusi wa kitambaa."

"Ni kaniki ya binti yangu. Naona pindo."

Tukatazama sote. Ni kweli, kaniki na ule weusi vilikuwa vimeungana kuanzia begani. Mimi mume wake, mwenye macho mawili ya kuzaliwa nayo, sikuwa nimeona.

Roza akasema polepole, "Acha akate, mama. Seni ananijua."

"Anakujua, ndiyo maana atakutafuta."

Shemeji, unajua ni nani aliyekuwa akimshika Mama mkono mpaka kisimani miaka yote ya giza lake. Lakini bahasha haikujua hayo, picha bado ilikuwa pana. Basi nikamwambia Philbert akate upande wangu.

"Upande wako weusi nimeumaliza, bwana."

"Sasa kata mweusi mwenyewe."

Roza alicheka mpaka lori likatuacha, tukasubiri jingine.

Basi picha iko humu ndani. Yatazame macho ya Mama, yanakutazama. Weusi wa kushoto si msiba, ni kaniki ya dada yako, usilie. Kiwiko cha kulia ni changu. Sura yangu unaikumbuka, na tangu uondoke haijaongezeka uzuri wa kugombaniwa.

Nakushukuru tena. Bila miwani yako ningekutumia familia isiyo na Roza, na ningeifunga bahasha nikijisifu.

Mjomba Limbu anakusalimu, na ndugu zangu wa Nyololo pia. Binti yetu Evarista, ambaye hujamwona, ameibusu bahasha. Hilo doa ni uji. Mungu akulinde katika baridi hiyo na akurudishe ukiwa daktari mzima. Mama anasema nisiandike maneno mengi, niandike moja tu: soma.

Wako akupendaye,
shemeji yako Bartolomeo,
yule wa kiwiko.