Wali wa Wageni wa Lilian

Baba Lilian,

Ukitoka kwa ng'ombe usinitafute. Nimekwenda Tengeru kununua mchele mwingine, maana ule wa wageni umeungua wote. Nyama iko jikoni kwenye moto mdogo. Usiuongeze!

Ile sufuria ya umeme haijaharibika. Maji yakikauka joto linapanda, swichi inaruka juu yenyewe, wali unabaki wa moto tu. Wewe ukaikandamiza swichi kwa kijiko, ukakifunga kwa kamba! Nilipokuuliza ukasema, "Nilidhani imezima kabla ya wakati." Mtu mzima na ndevu zako.

Mchele ukifika, ~~uoshe uuweke~~ hapana, usiguse chochote. Nitapika mwenyewe.

Lilian hakukuamini. Amejifungia chumbani analia, anasema umeunguza makusudi ili tuaibike mbele ya watu kutoka kule Maji ya Chai wanaokuja kumposa leo. Nilikutetea. Lakini tangu walete habari kwamba wanakuja, hata mimi sijakuona ukicheka.

Kamgongee mlango. Kama hutaki mwanao aolewe, mwambie kwa mdomo wako, usimwambie kwa wali.

Mkeo,
Mama Lilian