Inchi Nne za Milimita

3 Februari

Binti yangu,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Najua ukifungua barua hii utasema shikamoo kwa sauti hata kama uko peke yako. Mimi mzima, mama yako mzima, kuku wake wazima na kelele zao zote. Nawe afya vipi, na mgongo uliokuwa unakusumbua?

Nakuandikia kama fundi, si kama mtoto wangu. Nataka kuinua pikapu. Barabara ya kutoka karakana yangu kwenda mjini imekuwa mawe matupu. Mwezi uliopita niligonga mara tatu, zote upande wa kulia. Mara ya mwisho lilikuwa jiwe kubwa karibu na kwa fundi cherehani. Bampa ikapinda, na kabati la watu nililobeba likapata ufa. Nililitengeneza upya, lakini roho iliniuma.

Jirani mwenye bucha ameinua gari lake mpaka analipanda kwa stuli, na anapita kila mahali bila kugusa chini. Nataka inchi nne kama zake. Wewe unashinda kwenye springi kutwa, basi nichagulie seti nzuri.

Mama yako anauliza kama unakula. Nimemwambia mtu anayefungua springi za malori hawezi kuacha kula.

Baba yako


15 Februari

Baba,

Shikamoo. Ndiyo, niliitamka kwa sauti, na mafundi wenzangu wakaitikia "marahaba" wote kwa pamoja, watu wasio na adabu. Mgongo umepona. Mwambie mama ninakula, tena napigiwa kelele kwa jinsi ninavyokula.

Inchi nne sikushauri. Gari likipanda kiasi hicho, shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma inakaa mshazari, mipira ya breki inavutika, na kona unayoipita sasa bila kuwaza itaanza kukuyumbisha, hasa ukiwa na kabati refu nyuma. Mwenye bucha anabeba nyama, na nyama hailalamiki ikiyumbishwa.

Ukitaka kupata kimo kwa urahisi, kuna vipande vya chuma vya kupachika juu ya springi zilezile. Lakini zako zimechoka, itakuwa kama kumvisha mzee viatu vya kisigino kirefu. Springi ngumu za watu wa mizigo mizito zipo pia, ila ukirudi mtupu zitakurusha mpaka kichwa kigonge paa. Mimi moyo wangu uko kwenye seti kamili ya inchi mbili, springi na shokapu zilizotengenezwa zikae pamoja.

Ila hapa kazini hatuchagui kitu kabla ya vipimo. Weka pikapu mahali tambarare, ikiwa tupu. Kwa kila gurudumu, pima kutoka katikati yake kwenda juu wima hadi ukingo wa madigadi, lile bati la juu ya tairi. Niletee namba nne. Usimtume mtu, pima mwenyewe. Hawakukupa jina la Milimita bure.

Mwanao


1 Machi

Binti yangu,

Marahaba, na hao mafundi wenzako wape salamu zangu, lakini marahaba waniachie mimi. Sisi hatujambo.

Namba zako hizi hapa, kwa sentimita. Mbele kushoto 51. Mbele kulia 50. Nyuma kushoto 53. Nyuma kulia 33. Nimepima kila moja mara mbili, kama ninavyopima milango.

Umeona nyuma kulia palivyolala? Springi ya upande huo imekufa kabisa, ndiyo maana nagonga kulia kila siku! Na wewe ulikuwa unanihubiria habari za kona. Sasa umeniamini? Niletee inchi nne.

Baba yako


12 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumai wote mmeamka salama. Mimi sijambo, ila tangu barua yako ifike sina raha.

Niliweka namba zako juu ya meza ya kazi. Msimamizi wetu akazitazama, akacheka, akasema, "Gari la baba yako limemeza tairi." Sikucheka. Tairi lako lenyewe, kutoka katikati hadi juu, ni sentimita 36. Kama ukingo ungekuwa kwenye 33, bati lingekuwa limezama ndani ya mpira na pikapu isingetoka hata uani. Nadhani ile ni 53. Angekuwa mtu mwingine ningesema amekosea, tukaendelea na kazi. Lakini ni wewe, na umepima mara mbili.

Nikatoa barua zako za mwaka mzima, nikazipanga. Mistari inaanza vizuri kushoto, ikifika kulia inateremka. Kwenye hii ya mwisho kuna maneno matatu yameishia mezani kwako, si kwenye karatasi. Baba, jicho lako la kulia linaona?

Kama halioni, kuinua gari kutazidisha hatari. Boneti ikipanda, kilicho karibu chini ndicho kinachofichika zaidi. Nakuomba usiendeshe mpaka daktari wa macho akuone. Sitachagua seti yoyote kabla ya hapo. Naogopa, baba. Nasema waziwazi kwa sababu nikizungukazunguka utajitia hujaelewa.

Mwanao


20 Machi

Binti yangu,

Nimekuuliza springi, umenijibu macho. Nusu ya milango ya mtaa huu nimeitengeneza mimi, na hakuna hata mmoja unaokwaruza sakafu. Mchomeaji vyuma wa hapa mtaani amesema ataninyanyulia gari kwa siku moja, tena bila kunipima mboni. Usijisumbue.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako, ambaye hajapofuka


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Sijui kama utaisoma barua hii, lakini naandika.

Mchomeaji akianza kazi, mwambie asipeleke moto karibu na mipira ya breki. Hilo ni la fundi, nimelimaliza.

La mtoto ni hili. Nilikuwa darasa la tatu nilipokuletea stuli yangu ya kwanza, mguu mmoja mfupi, inachechemea. Nilikuwa nalia. Hukuniambia nimekosea. Ulinipa tepu ukasema, "Pima tena. Mimi nipo."

Nenda ukapimwe, baba. Mimi nipo.

Mwanao


9 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa mama yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kutia maneno yake. (Nitatia. Mama.)

Nimekaa miezi miwili bila kukujibu kwa sababu ya aibu. Lile jiwe la kwa fundi cherehani halikuwa jiwe, lilikuwa benchi lake. Nilijua siku ileile. Mwenyewe alikuwa ameingia ndani kufuata uzi. Wateja wake hukaa pale kutwa na watoto mapajani, na mimi sikuona benchi wala kama kuna mtu. Nikajiambia ni jiwe, nikaja kukuandikia habari za inchi.

Barua yako ya stuli ilipofika, niliikunja nikaenda kwa fundi cherehani kwa miguu. Nikakaa kwenye benchi lile, lenye ubao mpya aliougongelea mwenyewe, vibaya kweli. Nikamwambia, "Ni mimi." Akasema, "Najua, Milimita. Nilikuwa nangoja useme." Kesho yake nikaenda kliniki.

Daktari anasema ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwenda na halirudi. La kushoto limebaki zaidi ya nusu, na nikitia matone asubuhi na jioni huenda likabaki hivyo. Kuendesha, basi. Nililia kwenye choo cha kliniki, mwanangu, sikutaka mama yako ajue. (Nilisikia. Nilikuwa mlangoni. Mama.)

Mashine ya kukatia nimeiacha. Napiga randa na kusugua msasa, na mikono bado inajua kazi yake. Mchomeaji hakuwahi kugusa gari.

Ufunguo nimempa mama yako. Alijifunza kwa mwalimu wa udereva, na wiki iliyopita alipata leseni, umri wake huo. Nakaa upande wa abiria. Anakwenda taratibu mpaka wenye baiskeli wanatupita na kutusalimia, lakini hajagusa kitu. (Nimegusa ndoo ya jirani. Ilikuwa tupu. Mama.)

Nilipomtajia inchi nne alinitazama, akauliza kama nitambeba mgongoni kumpandisha. Kwa hiyo hesabu ni ya kwake sasa. Amepima mwenyewe: 51, 50, 53, 52. Mzigo wa gari si mzito, makabati tu, na wakati mwingine mimi. Tuchagulie wewe.

Ukijibu, andika kwa herufi kubwa na kalamu nyeusi. Barua zako nataka kuzisoma mwenyewe wakati bado naweza.

Baba yako


21 Juni

BABA,

SHIKAMOO. MIMI MZIMA.

NIMECHAGUA INCHI MOJA NA NUSU. SPRINGI ZA MZIGO WA WASTANI NA SHOKAPU ZAKE. PEMBENI NITAWEKA KIKANYAGIO CHA MAMA KUPANDIA.

NIMEPATA LIKIZO. NAKUJA TAREHE TANO KUIFUNGA MWENYEWE. WEWE UTAKAA HAPO UANI UNIKOSOE.

NAKUPENDA. HATUJAWAHI KUAMBIANA HIVYO, KWA HIYO NIMEANDIKA KUBWA.

MAMA, KAMA NI WEWE UNAYESOMA, MRUDISHIE BABA BARUA YAKE.

MWANAO