Hesabu za Ngosa Zimepungua Moja

Nchelenge. Ijumaa, Juni 1975.

Upepo wa ziwa haujapumzika tangu Jumapili. Baridi imeingia mpaka kwenye chaki, ukiandika inalia ubaoni na watoto wanaziba masikio. Mimi mwenyewe sijui kama nina furaha au nina msiba. Nimekaa na daftari mapajani ili nijue.

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida yangu. Kibemba ni cha majirani, Kiingereza ni cha kazi. Kiswahili nilikuwa nazungumza na mwanangu Feliste kule Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire, na tangu niondoke sina wa kuzungumza naye nyumbani.

Feliste ana miaka minane sasa. Nilimwacha akiwa na mitano.

Baba yake, Ilunga wangu, alikuwa fundi wa injini za boti. Alipokufa, mama yake alisema mjukuu habanduki pale. Kwetu sisi huku mtoto ni wa ukoo wa mama, kwao Waluba mtoto ni wa baba. Nilibishana kidogo, nikalia sana, halafu kazi ya ualimu ikapatikana hapa kwetu Nchelenge nikavuka peke yangu. Nilisema nitarudi kumchukua baada ya muhula mmoja. Imepita mihula tisa.

Ningependa kuandika kwamba ni kibali, au boti, au shule. Ukweli ni woga. Naogopa kufika mlangoni mtoto anitazame kama anavyotazama wageni wa bibi yake. Mama-mkwe ameleta barua mbili tu kwa miaka mitatu, zote kaandikiwa na mtu wa kanisani, zote na sentensi ile ile: mutoto iko muzima. Nimekuwa nikiishi kwa sentensi hiyo.

Hapa mtaani hakuna anayeniita kwa jina langu. Mimi ni Bana Feliste, mama yake Feliste, kama desturi ya huku. Hata mkuu wa shule ananiita hivyo akisahau kwamba tuko kazini.

Sasa wiki yenyewe.

Jumatatu ni siku ya kucha na habari. Kwanza watoto arobaini na watatu wa darasa la pili wananyoosha mikono, nakagua kucha, wenye magamba ya samaki wanarudi bombani. Halafu kila mmoja anasimama na kusema habari moja ya nyumbani kwa Kiingereza, mimi naichagua moja, naiandika ubaoni, wote wanainakili. Nyingi ni habari za samaki. Wiki hii nilichagua ya Ngosa.

Ngosa ni msichana mwenye akili na meno mawili yanayochelewa kuota. Mama yake, Bana Ngosa, anavuka kila Jumamosi kwenda Kilwa na chumvi na sabuni, anarudi na vitenge, na binti anakwenda naye. Kwa hiyo Kiswahili anakijua. Alisimama akasema kwa Kiingereza cha kujikongoja kwamba alikwenda Kilwa na alicheza na Mwadi. Nikamsahihisha mahali pawili. Nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri, na watoto wote wakaandika: Mwadi, Mwadi, Mwadi.

Ila mimi nilikuwa na habari yangu niliyokuwa naisubiri. Wiki iliyopita, baada ya miezi ya kumtazama mtoto huyu akienda na kurudi, nilipata ujasiri. Nilimwelekeza ile nyumba ya bati ya mama-mkwe, nyuma ya karakana, nikamwambia amuulizie Feliste, aone tu kama yupo, kama anakua. Kengele ya mapumziko ilipolia nikamwita pembeni.

"Niliuliza, Misi," akasema. "Banasema Feliste haiko tena."

Nikamuuliza nani kasema. Akasema Mwadi, wa mule mwa nyumba. Nikamuuliza haiko tena namna gani. Akanitazama kama nimemuuliza hesabu ya darasa la saba.

"Haiko tena, Misi. Ni vile alisema."

Halafu akakimbia kuruka kamba.

Haiko tena. Kule Kilwa wanasema hivyo kwa chumvi iliyokwisha dukani. Wanasema hivyo kwa mtu aliyehama. Na kwa marehemu wanasema hivyo hivyo. Nilimsubiri Bana Ngosa sokoni baada ya kazi, naye hakujua zaidi.

"Mi nilikuwa ku soko, Bana Feliste, sikufika kule. Mutoto alienda yeye peke yake." Akanishika mkono. "Siku ya posho tunaenda wote. Utaona na macho yako."

Siku ya posho ni Jumamosi. Kabla ya hapo, kwa upepo ule, hapakuwa na boti ya kunivusha, na siku tano zilikuwa zimesimama katikati.

Nimefundisha siku tano. Sijui nani alifundisha, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Jumanne tuna redio ya masomo. Betri zilikuwa zimekufa nusu, yule mama wa redioni akawa anaongea kama yuko ndani ya mtungi, na watoto wakamwitikia kwa sauti ya mtungi vilevile. Siku nyingine ningecheka. Baada ya redio tukafanya hesabu za kujumlisha kwa vifuniko vya soda. Ngosa, ambaye hakosi, alikosa zote isipokuwa mbili. Tatu na tatu kaandika tano. Nne na nne kaandika saba. Nilimfokea kuliko alivyostahili. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu ya yale maneno matatu, na hilo si jambo la kujivunia.

Jumatano ni shamba la shule. Kabichi zimeshika vizuri, wadudu wamezishika vizuri zaidi. Watoto walibeba maji kwa makopo kutoka ziwani, na mimi nikasimama pale ufukweni nikitazama ng'ambo. Siku ya mawingu huoni chochote, maji tu na weupe. Nilisimama mpaka mwalimu wa darasa la nne akaniita mara mbili. Mwanamke aliyekuwa anaanika samaki pale akanisalimu, mwashibukeni Bana Feliste, abana bali shani? Anauliza watoto hawajambo, kama salamu zinavyotaka. Nikajibu wazima. Ningesema nini?

Wiki nzima watu wamekuwa wakiniita hivyo, mlangoni, bombani, kanisani Alhamisi kwenye mazoezi ya kwaya. Bana Feliste, Bana Feliste. Kila salamu nilikuwa naipokea kama mtu anayepokea mzigo ambao huenda si wake tena.

Alhamisi asubuhi nilitoa jaribio dogo la hesabu. Ngosa tena. Zilizo chini ya tano ni sahihi zote. Kuanzia tano kwenda juu, kila jibu limepungua moja. Sita ni tano, nane ni saba, kumi ni tisa. Mtoto asiyejua hukosa ovyo ovyo, huku na huku. Huyu alikuwa anakosa kwa utaratibu, na kwa mwandiko safi. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa ya Jumatatu kama boti itachelewa kurudi, akanipa bila kuuliza. Nadhani uso wangu ulikwisha kumweleza.

Na leo Ijumaa.

Ijumaa tunasoma kidogo, halafu usafi wa darasa. Wengine walikuwa wanafagia, wengine wanafuta madawati vumbi, na mimi nikamketisha Ngosa dirishani na vifuniko vinane. Nikamwambia anihesabie kwa lugha anayotaka, polepole, nisikie.

"Moya, mbili, tatu, ine," akasema, akivuta kifuniko kimoja kimoja. Cha tano akakisukuma kando, peke yake, kwenye pembe ya dawati. "Hii ya baba." Halafu akarudi kwenye vilivyobaki. "Tano, sita, saba."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Hii ya baba.

Ilunga alikuwa anarudi kutoka karakana giza limeshaingia, sisi tumekwisha kula. Kwa hiyo nilikuwa nagawa samaki pamoja na Feliste, yeye amechuchumaa karibu na sufuria, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne sahanini, wa tano wa baba, tunamfunika na bakuli, haguswi. Wakiwa wengi tunaendelea, tano, sita. Baba alikuwa anapewa mmoja tu, mkubwa. Mtoto aliamini namba zimeumbwa hivyo. Ilunga alipokufa akaendelea kumtenga samaki wa baba, na mimi mwalimu wa kusomea sikumsahihisha. Nilishindwa. Hakuna nyumba nyingine Kilwa wala Nchelenge inayohesabu hivyo.

Nikamuuliza Ngosa nani amemfundisha.

"Mwadi. Tulikuwa tunahesabu mawe. Alisema ya tano ni ya baba, haiguswe."

"Huyu Mwadi, jina lake ni Mwadi tangu zamani?"

"Hapana, Misi. Ku masomo banakataza jina ya kizungu. Bibi alimupa jina yake."

Sheria ile ya majina niliijua. Miaka mitatu sasa kule Zaire watu wamekatazwa majina ya ubatizo, nilisikia waliovuka wakilicheka jambo hilo sokoni. Mimi nilidhani ni la wakubwa, la ofisini na kwenye karatasi. Halikunijia kwamba lingefika kwa mtoto wa miaka minane anayekaa nyuma ya karakana. Na jina la kuzaliwa la mama-mkwe sikuwahi kulitamka wala kulisikia, maana mke wa mtoto hataji jina hilo. Kwangu alikuwa Mama Ilunga, basi.

Yu hai. Nilitaka kulisema kwa sauti na darasa zima lisikie. Mwanangu yu hai, anacheza mawe, anamtengea baba yake.

Halafu nikauliza swali ambalo heri ningeliacha pale pale lilipokuwa.

"Ulipouliza Feliste iko wapi, ulimuuliza nani?"

"Mwadi."

"Na nani akajibu haiko tena?"

"Mwadi, Misi." Alikuwa anavikusanya vifuniko kwenye kopo. "Alisema tu. Halafu tukaendelea kucheza."

Nilitoka nje. Nilikaa nyuma ya darasa, palipo na mapipa, mpaka kelele za watoto zikawa kubwa mno na mwenzangu akaja kuchungulia. Nikarudi, nikawafunga midomo, nikamwambia Ngosa kwamba nane ni nane hata kama baba ana njaa. Akasema ndiyo Misi. Nikamwekea mkasi, alama ya kosa, kwenye majibu yote yaliyopungua, maana mkaguzi akija hatasikiliza hadithi yangu.

Tangu mchana nalitafuna jambo moja. Kama ni bibi aliyesema Feliste hayupo tena, ningemkasirikia na ningejua pa kuanzia. Kama ni mwalimu wake, ningeilaumu serikali. Lakini ameulizwa yeye, na yeye amejibu. Labda aliogopa, kule shuleni wanachapwa kwa majina hayo. Labda ulikuwa mzaha wa watoto. Labda ndivyo anavyoliona, kwamba Feliste alikuwa msichana mdogo wa mama fulani aliyevuka maji, na wote wawili wameondoka pamoja.

Sina haki ya kumwambia amekosea. Miaka mitatu nilikuwa naita majina ya watoto wa watu kila asubuhi na kusikia wakiitika, lake sikuliita hata mara moja mahali anapoweza kusikia.

Jioni hii nimejaribu kulitamka. Mwadi. Linanipinga mdomoni, na si kosa lake, ni jina zuri, la watu wenye heshima. Nimelitamka nikisonga ugali, nimelitamka nikifunga kitenge cha safari. Jirani kauliza naongea na nani. Nikamwambia namwita mtoto, akacheka, akasema Bana Feliste umeanza kuzeeka.

Bana Ngosa ametuma neno kwamba upepo unalegea na boti itaondoka kukipambazuka. Amesema nivae nguo nzito, na nisije na mikono mitupu kwa mama-mkwe. Nimefunga sukari na kipande cha sabuni. Kumchukua mtoto kwa nguvu sitaweza, wala sitajaribu kesho. Kesho nataka kumwona anavyotembea sasa. Nataka kujua kama bado anakunja uso akinywa maji.

Sitamwita Feliste. Hilo nimeliamua sasa hivi, ninavyoandika, na limeniuma kuliko nilivyotegemea. Nitasimama uani kwao na nitamwita Mwadi, kwa jina analoitika, mbele ya mwenye jina. Akinitazama kama mgeni, nitakuwa mgeni, nitaomba kiti.

Na mimi sitamwambia aniite nani. Nitangoja kusikia ataniitaje.