Plaketi Zako Zimebaki Koponi

Papa wangu mpendwa,

Kopo lako la maziwa ya unga bado ninalo. Mama anataka kuwekea chumvi, mimi nakataa, tunagombana kidogo halafu tunacheka. Ndani mna zile plaketi nne ulizotoka nazo Uvira mfukoni siku tulipokimbia vita. Mama hajakusamehe. Wenzako walibeba masufuria, wewe ukabeba meno ya mashine.

Pale kiwandani ulikuwa mtu wa fraizezi, mashine yenye kichwa kinachozunguka na kusawazisha chuma, na plaketi ndiyo meno yake: vipande vidogo vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, vinafungwa kwa skrubu na kubadilishwa vikichoka. Kambini Nakivale, huku Uganda, hapakuwa na fraizezi. Palikuwa na jembe na maharage. Basi ukitoka shamba ulitandika mkeka, ukaniambia nifumbe macho, ukaniwekea plaketi mkononi. "Pitisha kwa kucha, mama. Yenye kukwaruza iko nzima. Yenye kuteleza imechoka." Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilidhani watoto wote wanafundishwa hivyo. Ulinifundisha mashine miaka sita bila mashine, na kila mara ulisema, "Siku moja nitakuonyesha yenyewe." Hukuwahi; kifo kilikutangulia. Hilo linaniuma mpaka leo, sikufichi.

Sasa nisikilize. Niko Mbarara, huku Kakiika, kwenye karakana ya Mzee Tumwine. Miezi minane nimekuwa wa kufagia na kupaka grisi tu, maana mzee hakuamini kwamba msichana wa Nakivale anaijua fraizezi. Fundi wake akaacha kazi. Wiki hiyohiyo Mama Consolata, yule Mrundi jirani yetu mwenye kinu cha mahindi, akaleta mwili wa kinu chake. Uso wake umepinda, unga unavuja. Ni fonti, chuma cha kumiminwa, cha zamani, na mwingine kama huo haupatikani popote. Kwenye kichwa cha mashine plaketi mbili kati ya nne zilikuwa zimevunjika.

Mzee akaniangalia, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Wewe nasema najua hii mashine. Sawa. Chagua meno, kata. Kama hii kitu ya mama naharibika, wewe narudi kwa ufagio."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimeshaamua. Jumamosi nilikwenda nyumbani Nakivale nikachukua zako, zile nne za rangi ya dhahabu, safi, hazijagusa chuma hata siku moja. Nilitaka zikate japo mara moja, kwa ajili yako. Jumatatu nikaijaribu moja kwenye kiti chake kichwani mwa mashine, ikakaa vizuri kabisa. Nilifurahi kama mjinga.

Halafu nikakusikia. "Usiangalie rangi. Uliza kwanza: ninakata nini?" Nikakunjua kale kaboksi kao ulikokalaza chini ya kopo, nilikokuja nako. Alama yake ni ya buluu. Buluu ni ya chuma cha kawaida, fonti ina alama nyekundu. Ulinikaririsha hivyo mpaka nikawa naota. Wewe kiwandani ulikuwa unakata mashafti, mihimili ya chuma cha kawaida, Papa. Zako zilikuwa za kazi yako. Kwenye fonti zingechakaa upesi, na meno butu yangesukuma badala ya kukata, mpaka ukingo wa kinu cha watu ungemeguka.

Nilikaa juu ya ndoo nikalia kidogo. Kisha nikazifunga kwenye leso, nikaenda mjini.

Muuza duka akanisukumia za dhahabu, eti ndizo wote wanachukua. Nikamwambia anipe zenye alama nyekundu, zenye makali mepesi na kona ndogo, kwa sababu mashine yetu ni ya zamani, haina nguvu nyingi na inatetemeka. Akauliza kama bwana wangu ndiye fundi. Nikamwambia fundi ni mimi, na ahesabu nne.

Mzee alitaka nifunge mbili tu, mbili za zamani zibaki. Pale karakana ndivyo wanavyofanya siku zote, kisha wanalaumu plaketi. Nilikataa mbele ya watu. Mpya ikikaa karibu na iliyochoka, inabeba mzigo wote peke yake na inavunjika. Nilifuta kila kiti kwa kitambaa, nikafunga zote nne, nikawasha.

Ilitoa sauti moja, Papa, ile uliyokuwa unaiiga kwa mdomo pale mkekani. Vumbi jeusi laini likamwagika. Nilipomaliza, Mzee aliweka rula juu ya uso wa kinu, akainama kutafuta mwanga chini yake. Hakuuona; uso ulikuwa umenyooka. Alitoa ufunguo wa kabati la mashine mfukoni, akaniwekea mkononi, akaenda kunywa chai.

Siku hiyohiyo nilipanda gari na Mama Consolata na kinu chake mpaka nyumbani. Nikarudisha plaketi zako koponi. Mama alikuwa amepika, nami nina njaa, nikanyoosha mkono kwenye sahani ya ugali.

"Na hizo mikono hautagusa bugari yangu."

Maneno yaleyale uliyoambiwa kila jioni kule Uvira. Niliangalia vidole vyangu: vyeusi mpaka ndani ya kucha, kama vyako. Mama naye akaviangalia. Akaleta beseni na ndimu, akaniosha kucha moja moja, polepole, akinung'unika kuhusu mafuta, na sabuni inayoisha, na sufuria kubwa iliyoachwa Uvira. Mikono ilikuwa yangu, lakini aliyekuwa anagombezwa ni wewe.

Pumzika vizuri, Papa. Mashine yenyewe nimeiona.

Mtoto wako wa kwanza,
Furaha, fundi