Mpira wa Babu Unasubiri Bei

Jumatatu, 3 Juni

Shule imekwisha, kazi bado sina. Leo nimempeleka babu kwenye kampuni ya mnada – mpira wake kautia ndani ya soksi! Ni mpira wa besiboli wa mechi yake ya kwanza ligi kuu, 1963, aliusaini siku hiyohiyo. Anataka uuzwe akiwa hai. “Nataka nisikie watu wakinigombea, Lidka. Bibi yako alinipata bure, hakuna mwingine aliyenitaka.”

Mtathmini, Bwana Tolliver, akalinganisha mpira na picha za zamani, akatafuta mingine kama huo iliuzwaje. Atapiga simu. Babu akamsainia kikombe cha kahawa. Hata hakuombwa!

Ijumaa, 7 Juni

Dola mia mbili hadi mia tatu.

Tolliver anasema mpira ni halisi. Tatizo ni saini. Babu ameusaini mji wetu mzima, Youngstown – kofia, leso, maboksi ya piza. Anayeitaka anagonga mlango, anapewa. “Na bado yu hai, binti. Kesho anaweza kusaini nyingine.”

Nilitaka kumjibu. Nikasema asante.

Babu nilimwambia nusu tu: kwamba kadirio huwekwa chini makusudi, wanunuzi wavutike. Hiyo nayo Tolliver aliisema. “Ala! Kumbe mimi chambo!” Akacheka sana. Lakini pirogi za kanisani, sambusa za viazi za kuchemsha, hakuzimaliza, na anazipenda kuliko sisi wote.

Jumapili, 9 Juni

Kiharusi. Mkono wa kulia.

Jumatano, 12 Juni

Gazeti la mji limeandika kwamba babu ni mahututi. Mchana Tolliver akapiga. Sauti laini kabisa. Pole nyingi. Kisha – mpira uondolewe mnada wa mwezi huu, usubiri ule wa majira ya baridi. Kadirio litaangaliwa upya.

Nikauliza. Mimi! “Litapanda au litashuka?”

“Litapanda, binti.”

Nimelia kwenye choo cha hospitali, bomba nimelifungua nisisikike. Atapiga tena kesho kuchukua jibu.

Alhamisi, 13 Juni

Babu ameamka! Maneno yanatokea upande mmoja wa mdomo. Kitu cha kwanza – kalamu. Amekumbuka kwamba mji mzima una saini yake isipokuwa mimi. “Wewe si unaniona kila siku.”

Nimenunua mpira mpya duka la chini. Anasaini kwa mkono wa kushoto, mimi nimeushika usibiringike. K. Kisha o, imeteremka mpaka kwenye mshono. Kisha z. Hakuna mtathmini atakayeamini kwamba ni yake.

Amechoka. Anapumzika, mpira kifuani, na mimi naandika haya.

Simu. Ni Tolliver.

Babu kafumbua jicho. “Ndio wale? Hebu waulize, nimefika dola ngapi sasa?”

Inalia bado. Nimeishika.